Nani atamchukua mtoto saa kumi na moja?

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya ajira na uhamiaji hapa Berlin, Septemba 2024, simu yangu haipumziki. Hata sisi Watanzania, ambao makubaliano hayo hayatuhusu, tumepata hamu. Watu niliosoma nao Tanga wananiuliza nesi analipwa kiasi gani, Kijerumani kinachukua muda gani, baridi inavumilika au la. Nawajibu wote. Ila mwenye mtoto mdogo namgeuzia swali: ukiwa kazini, nani atamchukua mtoto saa kumi na moja jioni?

Siku yetu nzima imejengwa juu ya saa hiyo, kwa sababu ndipo Kita, yaani chekechea yetu, inapofunga milango. Mume wangu ni nesi wa zamu. Mimi natunza hesabu katika kampuni ndogo. Mwezi Desemba jua huchomoza yapata saa mbili na robo asubuhi, kwa hiyo tunatoka nyumbani gizani. Kumvika binti yangu wa miaka minne ni kazi ya kutoa jasho: soksi za sufu, suruali mbili, kisha ovaroli isiyopitisha maji, maana hapa watoto hutolewa nje kucheza hata manyunyu yakianguka. Kwenye kikopo cha chakula natia mkate, tango na tufaha. Ijumaa natia vitumbua.

Tunakaa Wedding, hapa hapa Berlin, kwenye mitaa iliyopewa majina ya Afrika tangu zama za ukoloni. Kuna mtaa wa Tanga, wa Usambara, wa Zanzibar. Kulikuwa pia na barabara iliyopewa jina la Carl Peters, yule yule aliyezunguka bara letu akiwasainisha machifu mikataba ya hila. Agosti 2024 jina hilo liliondolewa, na kipande kimoja cha barabara sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Tunapopita hapo namwambia mwanangu habari za vita ya Maji Maji ya 1905, kwa maneno yanayomtosha mtoto. Mara nyingi huuliza swali moja: walikuwa na watoto?

Sheria ya Ujerumani inampa kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja haki ya nafasi ya malezi, tangu Agosti 2013. Berlin imezidi hapo: tangu Agosti 2018 wazazi hawalipi ada, ila yuro 23 kwa mwezi za chakula cha mchana. Nausifu mpango huu kwa moyo wote. Lakini haki iko kwenye karatasi. Nafasi yenyewe unaisaka mlango kwa mlango, na ukishaipata bado humwachi mtoto ukaenda zako kazini.

Kuna kipindi cha kumzoesha, na hicho hakuna anayekutajia ukiwa nyumbani Tanga. Siku tatu za mwanzo nilikaa kwenye kiti kidogo pembeni ya chumba, nimenyamaza, mwanangu akicheza na kurudi kunishika goti. Mlezi alikuwa akimsogelea pole pole, leo kwa mchemraba, kesho kwa kitabu cha picha. Siku ya nne nikaambiwa niage, nitoke, nikasimame kwenye korido dakika chache. Nilimsikia akilia, kisha nikamsikia akibembelezwa na kutulia. Dakika zikaongezwa siku hadi siku, kwa wiki kadhaa. Mwajiri gani wa kwanza atakuvumilia muda huo wote? Na bado naupenda utaratibu ule. Sijawahi kuona mtoto wa mwaka na nusu akiheshimiwa namna ile.

Simu ninayoiogopa ni ya saa sita mchana: mtoto ana homa, njooni mumchukue. Sheria inatusaidia: kwa mwaka 2024 na 2025 kila mzazi mwenye bima ya afya ya umma alipewa siku 15 za kulipwa za kumuuguza mtoto, baba sawa na mama. Tanga ningempigia bibi yake, au shangazi, au ningemwita jirani kupitia dirishani. Hapa, bibi yake tunampigia kumsalimia tu, saa kumi na moja na nusu jioni; majira ya baridi kwao imeshafika saa moja na nusu usiku, ameshaswali Magharibi. Mtoto humwamkia, humsimulia siku yake kwa Kiswahili chenye viraka vya Kijerumani, na bibi humsahihisha bila haraka. Mengine ya jioni ni kupika, kuoga, kulala.

Kita haimkabidhi mtoto kwa mtu ambaye jina lake halikuandikwa na wazazi, na mgeni huombwa kitambulisho. Kwenye fomu yetu yumo mama mmoja kutoka Kameruni wa ghorofa ya tatu. Mume wangu akiwa zamu ya mchana nami nina kikao, yeye humchukua. Alhamisi mimi huwachukua wanawe wawili. Kuaminiana huko kumetuchukua muda mrefu. Kwa hiyo wanaouliza mshahara nawatajia, kisha nawaambia waje na akiba ya kulipia miezi ambayo mmoja wa wazazi hatafanya kazi, atakaa na mtoto na kugonga milango ya majirani.