JINA LA UGONJWA LISITANGULIE UCHUNGUZI

Wananchi na watumishi wa Serikali huuliza iwapo majina ya maradhi ya akili, pamoja na dawa zake, hayatolewi kupita kiasi. Ni vyema ikaeleweka kuwa jambo hili lina pande mbili.

Klopromazini ilipoanza kutumiwa kutibu maradhi ya akili mjini Paris mwaka 1952, wagonjwa wengi waliokuwa wakifungiwa walitulia na kurejea makwao. Hata hivyo, dawa za aina hiyo huweza kuleta usingizi mzito, mtetemeko na kukakamaa kwa viungo. Kwa hiyo asipewe asiyezihitaji. Mfano ni mfiwa. Orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022 haihesabu huzuni ya msiba kuwa maradhi kabla ya miezi 6 kutimia, tena iwe imepita mipaka ya mila na dini ya mhusika. Aidha, mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mfiwa asipewe dawa za kutuliza za jamii ya Valium kwa sababu ya msiba pekee.

Upande wa pili ni uhaba. Mkazi wa Ziba, wilayani Igunga, Mkoa wa Tabora, huvuka Mkoa wa Singida ili kuifikia Hospitali ya Mirembe, Dodoma. Mkazi wa Pemba huvuka bahari kuifikia Kidongo Chekundu, Unguja. Penye umbali huo, jina la "kichaa" hutolewa barazani kabla mgonjwa hajaonwa na mganga wa zahanati. Ilhali malaria kali, au sukari ikishuka mwilini, huweza kumfanya mtu apayuke. Na kifafa ni maradhi ya ubongo, si wazimu. Mtu huyo amepata jina, amekosa tiba. Malaria hiyo huweza kumuua kwa muda mfupi. Na akipona, jina humfuata kazini na katika ndoa.

Hivyo basi, wananchi wanashauriwa:

(i) Anayebadilika ghafla, hasa mwenye homa, afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa.

(ii) Mgonjwa na jamaa zake wamuulize daktari ugonjwa ni upi, dawa ni ya muda gani, na ina madhara gani.

(iii) Anayetumia dawa asiiache ghafla bila ushauri wa daktari, kwani maradhi huweza kurudi kwa nguvu zaidi.

(iv) Viongozi wa ofisi wasimhukumu mtumishi kwa uvumi. Kutambua ugonjwa ni kazi ya tabibu.