Kwa nini kioski cha maji hufungwa siku ya kuosha tando

Wakazi wanaochota maji kwenye mitambo ya kuondoa chumvi hukutana na tangazo hili mara kwa mara: leo hakuna maji, mtambo unaoshwa. Aliyetoka mbali na punda na mitungi yake ana haki ya kunung'unika. Lakini mtambo usiooshwa kwa wakati huishia kufungwa kwa miezi.

Kikima, juu kwenye vilima vya Mbooni, ina bahati ya chemchemi. Ukishuka kuelekea maeneo kame ya Makueni na Kitui, visima vingi virefu hutoa maji ya chumvi. Huko pampu husukuma maji kwa nguvu kwenye tando nyembamba za plastiki zilizoviringishwa ndani ya mirija. Maji safi hupenya, chumvi hubaki nyuma na kutolewa nje.

Si yote hutoka. Chokaa huganda juu ya utando, sawa na magamba meupe yanayoonekana ndani ya sufuria ya kuchemshia maji ya kisima. Chuma huacha kutu, na vijidudu hujenga ute. Pampu huhangaika, stima hutumika zaidi, maji hupungua. Yakipungua kwa takriban asilimia 10 hadi 15 ya kiwango cha tando zikiwa safi, pampu ikisukuma kwa nguvu ileile, saa ya kuosha imefika. Mhudumu akingoja yafike nusu, magamba huwa yameshika kiasi kwamba dawa inaweza kushindwa kuyang'oa, na zitahitajika tando mpya.

Tando hazisuguliwi. Dawa huchanganywa tangini kwa maji yaliyokwisha kuchujwa, ikazungushwa polepole ndani ya mirija, tando zikaachwa ziloweke, kisha ikazungushwa tena. Chokaa huyeyushwa na asidi ya sitriki, ile iliyo ndani ya limau. Ute hutolewa na dawa kali ya aina ya magadi. Uchafu ukiwa wa mchanganyiko, kwa kawaida dawa ya ute hutangulia, kwa kuwa asidi huweza kuufanya ute ushikamane zaidi. Kati ya dawa hizo mbili tando husuuzwa vizuri. Dawa hizo hazichanganywi kamwe.

Kosa baya zaidi ni kumwaga dawa ya kung'arisha nguo. Tando nyingi za sasa huliwa na klorini iliyomo. Maji yatatoka kwa wingi, kila mtu atafurahi, mpaka ayaonje: chumvi imepita nayo. Klorini ya kuua vijidudu hutiwa baadaye, kwenye tangi la maji safi.

Maji ya kwanza baada ya kuosha humwagwa. Si ya kunywa wala ya kunyweshea ng'ombe. Kioski hufunguliwa mhudumu akishapima chumvi na kuandika kipimo kwenye daftari, na kamati ya maji inaweza kuomba kuliona siku yoyote.