Filta za Kale kwenye Kamera za Leo: Ipi Itunzwe, Ipi Iachwe

Tangu kamera za dijitali zilipouondoa mkanda wa filamu katika studio za Dar es Salaam, vifaa vingi vya ufundi ule vimekosa kazi: vyumba vya giza vimegeuzwa stoo, na mabeseni ya dawa yametupwa, ila kitu kimoja kimesalia makabatini, nacho ni filta, vile vioo vya mviringo vyenye pete ya chuma ambavyo mpiga picha alivifunga mbele ya lenzi yake. Katika mtaa kama Sinza, uliopimwa viwanja miaka ya 1970 katika mradi uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na ambao leo umejaa kumbi za sherehe, saluni na studio, kijana anayepiga picha za harusi kila Jumamosi huenda akarithishwa boksi la vioo hivyo na mkubwa wake wa kazi, au akaliona kwa bei ya chini miongoni mwa bidhaa za mitumba, akajiuliza, na swali lake ni la haki, kama vitamfaa kwenye kamera yake. Jibu ni kwamba baadhi ni mali na baadhi ni ukumbusho tu, na kanuni ya kuvitenganisha ni moja: filta inayobadili rangi ya nuru peke yake, kompyuta huweza kuifanya kazi yake, tena kwa ubora zaidi; bali filta inayoichagua, kuipunguza au kuitawanya nuru kabla haijaingia ndani ya kamera, hiyo haina badali, kwa kuwa kompyuta hutengeneza kilichonaswa, wala haina uwezo wa kurejesha kisichonaswa.

Filta za rangi hazikubuniwa kwa ajili ya urembo. Zilibuniwa kusahihisha kasoro za filamu. Sahani za kioo na filamu za awali ziliipendelea buluu na kuidharau nyekundu, na kwa sababu hiyo mbingu ya pwani, hata iwe na mawingu ya kupendeza namna gani, ilitoka nyeupe tupu, na ngozi ya Mwafrika ikatoka nyeusi kupita asili yake. Filamu zilizofuata ziliona rangi zote, walakini upendeleo wa buluu haukwisha kabisa, na hapo ndipo filta ya manjano ilipopata kazi: iliizuia sehemu ya buluu, mbingu ikakoza na wingu likajitokeza. Mpiga picha wa zama zile, zama ambazo Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, aliyetaka kuitenga kanzu nyeupe na mbingu nyeupe iliyo nyuma yake, ilimbidi aitenge palepale mbele ya lenzi, maana baada ya hapo fursa ilikuwa finyu. Nambari zilizochorwa kwenye pete za filta hizo asili yake ni Mwingereza Frederick Wratten, ambaye kampuni yake ilinunuliwa na Kodak mwaka 1912: nambari 8 ni ya manjano, 25 ni nyekundu, 80A ni ya buluu, inayougeuza mwanga wa balbu ufanane na wa mchana, na 85B ni ya rangi ya kaharabu, inayofanya kinyume chake.

Kihisi cha kamera ya dijitali kina tabia nyingine. Chenyewe ni kipande cha silikoni kisichojua rangi, kinachopima wingi wa nuru tu. Hupata rangi kwa utaratibu uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, ukapewa hataza mwaka 1976, ambao kwao kila nukta ya kihisi hufunikwa filta ndogo mno, nusu ya nukta zikapata kijani, robo nyekundu na robo buluu. Kamera ya leo, basi, ina filta ndani yake kabla hujaifunga ya nje. Ukiongeza mbele ya lenzi filta nyekundu ya 25, robo tatu ya nukta hubaki karibu gizani, picha ikategemea robo moja iliyosalia, chembechembe zikazidi na mambo madogo madogo yakafifia. Fauka ya hayo, filta hiyo hukulazimu uongeze nuru mara nane. Na kama umeiacha kamera ijisawazishie weupe yenyewe, itajitahidi kuiondoa rangi ileile uliyoiongeza kwa makusudi.

Mwenye kutaka picha nyeusi na nyeupe iliyokoza mbingu, ni afadhali apige kwa faili ghafi, kisha kwenye kompyuta aamue ni kiasi gani cha nyekundu, kijani na buluu kiingie katika picha. Akimchukua bibi harusi mwenye ngozi ya maji ya kunde na kuongeza sehemu ya nyekundu, uso utang'aa na madoa madogo yatapungua. Akiongeza kijani, uso utakoza na kila alama itaonekana. Na yote hayo ayajaribu amekaa kitini, bila ya kumchosha bibi harusi juani. Kwa hiyo filta za manjano, za machungwa na nyekundu zimekwisha kazi yake kwenye kamera ya dijitali.

Katika jamii ya filta za rangi, moja tu yastahili kutunzwa kabatini kwa hadhari, nayo ni 80A. Chini ya balbu za zamani zenye mwanga wa manjano, nukta za buluu za kihisi hupata nuru haba, na kompyuta ikiukuza uhaba huo, picha hujaa chembechembe kwenye vivuli. Filta hiyo huzigawia rangi zote tatu nuru kwa insafu. Ila inakula stopu mbili, kwa hiyo haifai ukumbini watu wanapocheza, bali hufaa kwa kitu kilichotulia, kama keki au zawadi mezani, na kamera ikiwa juu ya stendi.

Filta yenye thamani kuliko zote katika boksi ni ya polaraiza. Nuru ya jua husafiri ikitikisika pande zote, lakini ikigonga maji, kioo, majani au rangi ya gari, ile inayorudi huwa aghalabu imetikisika kwa upande mmoja. Polaraiza ikizungushwa ipasavyo huufungia mlango upande huo, na mng'aro ukaondoka. Hilo halitengenezeki baadaye, kwa sababu mng'aro ukishaficha sura iliyo nyuma ya kioo cha gari la maharusi, sura hiyo haikuingia katika faili hata kidogo. Hupunguza pia mmeto wa jasho kwenye paji la uso, ijapokuwa ukiuondoa wote uso hubaki bapa usio na uhai. Chuma kitupu, kama bati jipya lisilopakwa rangi, hakitiishwi nayo.

Jua letu lina kanuni yake katika jambo hili. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na tena karibu na katikati ya Oktoba jua la adhuhuri hupita takriban utosini. Nguvu ya polaraiza ni kubwa kwenye sehemu ya mbingu iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Kwa hiyo saa sita mchana sehemu hiyo huuzunguka upeo wa macho wote, na mbingu iliyo nyuma ya watu waliosimama Coco Beach hukoza kwa usawa popote utakapoelekea. Asubuhi na jioni ukanda huo hukatiza juu ya vichwa kutoka kaskazini kwenda kusini, na mwenye lenzi pana atapata mbingu yenye baka jeusi upande mmoja.

Polaraiza ziko za aina mbili. Zile kongwe ni za mstari, nazo huweza kuudanganya upimaji wa nuru na ulengaji wa kamera zenye kioo cha kupinduka ndani. Za duara, zilizoletwa kuondoa taabu hiyo, zina tabaka moja zaidi nyuma. Kwenye kamera zisizo na kioo hicho, ambazo hulenga kwa kihisi chenyewe, ya mstari hufanya kazi bila ya matata. Ukitaka kujua kama kioo ulichoshika ni polaraiza, kiweke juu ya kikokotoo cha dukani na ukizungushe: tarakimu zikizama gizani, ndiyo. Kisha simama mbele ya kioo cha kujitazamia, uelekeze upande wa nyuzi za kufungia kwenye kioo hicho, na uitazame taswira kupitia filta: filta ikionekana nyeusi kiooni, ni ya duara, ikibaki angavu, ni ya mstari.

Filta za kijivu, ziitwazo ND, nazo hazijazeeka. Mpiga video wa harusi akirekodi kwa shata ya 1/50 juani, na kamera iko ISO 100, hulazimika kufunga tundu la lenzi mpaka f/22. Akitaka f/4 ili bwana na bibi watengwe na umati, sharti apunguze stopu tano, ambazo atazipata kwa kuunganisha ND 0.9, inayopunguza tatu, na ND 0.6, inayopunguza mbili. Hadhari ni kwamba nyingi za kale, hasa zile nzito, hazizuii mionzi ya infraredi, na suti nyeusi ya bwana harusi hutoka ya kahawia. Ijaribu kwanza kwa kitambaa cheusi.

Filta za nyota, zilizochongwa mistari, na za kulainisha sura, pamoja na zile za mraba za Cokin zilizotoka Ufaransa mwaka 1978, zingali na kazi katika kumbi zenye taa nyingi, maana mwale wa taa hutawanywa na kioo kwa kadiri ya ukali wake halisi. Za urujuanimno hazina haja tena, kwa kuwa kihisi kimekingwa tayari. Hubaki ngao ya lenzi, na usiku zifunguliwe, kwani zisizo na mpako huzaa vivuli vya taa pasipo na taa.

Kuhusu kipimo, filta kubwa hufungwa kwenye lenzi ndogo kwa pete ya kuunganishia, mathalani ya 58 kwenye 52; kinyume chake hukata pembe za picha. Kabla ya kununua, inua kioo mbele ya mwanga: ukiona nyuzinyuzi za fangasi, au mapovu ukingoni mwa polaraiza, ambapo gundi ya tabaka zake imeachia kwa joto na unyevu, kirudishe. Kilichobaki, piga nacho picha mbili za mtu mmoja, mahali pamoja, moja nacho na moja bila, kisha ujitahidi kuifananisha ya pili na ya kwanza kwenye kompyuta. Ukiweza, kiuze, na usipoweza, kitie kwenye mkoba wa kazi.