Zamu ya Saa Kumi na Mbili, na Kioo Kimeganda

Kwa msomaji wa Minneapolis, Columbus au Portland ya Maine anayeingia kazini saa kumi na mbili asubuhi, baridi si habari mpya. Kinachomchelewesha ni kioo cha mbele cha gari. Atakimwagia maji ya moto, atakikwangua kwa kadi ya benki, atafungulia hita hadi mwisho na kukaa ndani akitetemeka. Ushauri wangu kama fundi ni kwamba barafu haina haja ya kuyeyuka yote. Inatosha iachie kioo.

Hesabu yenyewe ni hii. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri kunakula joto lile lile ambalo lingepandisha kilo moja ya maji kutoka sifuri hadi nyuzi 80 za Selsiasi. Mita moja ya mraba ya kioo yenye barafu ya unene wa milimita moja imebeba karibu kilo nzima. Hita nayo inapata joto lake kutoka kwenye maji yanayozunguka ndani ya injini, kwa hiyo dakika za mwanzo haina cha kutoa. Lakini ule utando wa chini kabisa, ulioshikana na kioo, ni mwembamba kuliko karatasi. Huo ukilowa, barafu yote iliyo juu yake haina tena pa kujishikiza.

Kwa hiyo washa gari, elekeza hewa kwenye kioo cha mbele, anza na joto la kiasi huku ukiongeza taratibu, kisha toka nje ushughulikie paa, taa na vioo vya pembeni. Usikimbilie kukwangua. Tazama ukingo wa chini wa kioo, pale hewa inapotokea: barafu nyeupe itageuka ya kijivu, kisha utaona maji yakitambaa kati yake na kioo. Hapo ndipo pa kuingizia kikwangulio cha plastiki, ukikilaza na kusukuma kuelekea juu. Vitatoka vipande vikubwa kama vigae. Ukianzia katikati ya kioo pakavu, utachora mistari tu na kuchosha bega.

Barafu zenyewe si za aina moja. Mvua inayoganda huacha gamba gumu, linaloonekana kama kioo juu ya kioo, na hilo linataka subira. Sakitu ni nyepesi, ila huwashangaza wengi kwa sababu hutokea hata kipimajoto kikisoma nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri. Usiku usio na mawingu, kioo kinachotazama anga hupoteza joto haraka kuliko hewa inavyoweza kukirudishia, kikawa baridi kuliko hewa yenyewe. Unyevu unaokigusa huganda papo hapo. Wakulima wa viazi wa Makete na wa chai wa Limuru wanazijua vizuri asubuhi zinazofuata usiku wa nyota nyingi. Ndiyo sababu gari lililolala chini ya mti au kibanda huamka safi wakati la jirani ni jeupe, na ndiyo sababu kukifunika kioo kwa turubai au hata shuka kuukuu kunasaidia.

Dawa ninayoiamini ni spiriti ya duka la dawa, isopropili ya asilimia 70. Changanya vikombe viwili vya spiriti na kimoja cha maji kwenye chupa ya kupulizia, anzia juu ya kioo, subiri dakika moja, kisha kwangua. Spiriti hushusha kiwango ambacho maji huganda, ikapenya kwenye nyufa hadi kwenye ule utando wa chini. Inashika moto, basi isipulizwe karibu na sigara. Siki inayosifiwa mitandaoni siitaki: siki ya kawaida ya jikoni huganda kwenye nyuzi kama 2 tu chini ya sifuri, na Minnesota mwezi Januari nyuzi hizo ni joto la mchana mzuri. Chumvi inayeyusha kweli, ila inakula bati la gari, na barabara tayari inakupa chumvi ya kutosha bure.

Maji ya moto yaache jikoni. Kioo cha mbele ni tabaka mbili zilizobana utando wa plastiki katikati. Pale maji yanapoangukia panatanuka ghafla, pa jirani hapatanuki, na kale kadoa kalikoachwa na kokoto ya barabara kuu kanakuwa ufa wa kuvuka kioo kizima. Maji yaliyobaki hutiririka kwenye waipa na milango, yakaganda upya.

Barafu ya ndani ya kioo ina chanzo kingine: pumzi zako na viatu vyenye theluji. Angalia kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kikiwa kimewashwa, unajirudishia unyevu wako mwenyewe. Kizime, na uwashe kiyoyozi pamoja na hita, kwa sababu kiyoyozi hukausha hewa (ndiyo, hata wakati wa baridi). Kioo cha nyuma usikikwangue kwa ndani. Ile mistari myembamba ndiyo inayokipasha joto, na ukiukata mmoja umeupoteza.

Jambo moja sina mzaha nalo. Kabla ya kuwasha gari lililozamia kwenye theluji, fukua kwanza bomba la moshi. Likiziba, kaboni monoksidi hurudi ndani ya gari, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Usiliache gari likiunguruma ndani ya gereji hata kama mlango uko wazi, wala usiwatangulize watoto kwenye gari wakapate joto huku wewe ukichimba theluji nje. Theluji ya paani nayo iondoe yote. Ukifunga breki itaporomokea kioo ulichotoka kukisafisha, au itampiga wa nyuma yako.

Waipa usiziwashe zikiwa zimeganda, utaunguza mota yake. Zizime kabla ya kuzima gari jioni, kisha zinyanyue zisigusane na kioo. Fungua milango dakika moja ili hewa ya joto yenye unyevu itoke. Raba za milango zipake silikoni, na mlango ukiganda usukume kwanza kuelekea ndani kwa bega kabla ya kuuvuta. Maji ya kuoshea kioo nunua yale ya baridi kali: yenye alama ya −20 kwa Farenhaiti hustahimili hadi nyuzi 29 za Selsiasi chini ya sifuri, wakati yale ya kiangazi yatagandia kwenye bomba. Na chupa yako ya spiriti ilale ndani ya nyumba, maana ikiwa kwenye gari na milango imeganda, hutaifikia.