Matokeo ya Mtihani na Hesabu ya Watoto: Fundisho la Bukoba na Muleba

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi yanapotangazwa, viongozi wa kata na wilaya hupokea orodha ya shule na asilimia za waliofaulu. Mara nyingi mjadala huishia hapo. Shule ya juu husifiwa, ya chini hukemewa, na mwalimu mkuu wake hutakiwa kujieleza. Kwa kada, huo si uchambuzi. Katika makala hii tutaeleza kwa nini matokeo ya shule ya umma hayana budi kusomwa pamoja na hesabu ya watoto wake: ni akina nani walioandikishwa, wanatoka katika nyumba za hali gani, na wangapi wamepotea njiani. Tutatumia mfano wa Bukoba na Muleba, kwa kuwa historia ya sehemu hizo inalidhihirisha jambo hili.

Urithi wa historia

Bukoba ilipata shule mapema kuliko sehemu nyingi za Tanganyika. Mapadre Weupe walianzisha misheni ya Kashozi mwaka 1892, na baadaye Walutheri nao wakajenga shule zao. Kahawa ikampa mkulima wa kibanja fedha ya karo. Kwa hiyo, nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, Ziwa Magharibi, mkoa ulioitwa Kagera kuanzia 1979, ulikuwa pamoja na Kilimanjaro miongoni mwa sehemu zilizotangulia kielimu. Wako waliodhani kwamba watoto wa huku wamezaliwa na akili zaidi. Hiyo ni fikra potofu. Kilichotofautiana ni idadi ya madarasa na fedha za kahawa, wala si vichwa vya watoto.

Ndiyo sababu katika miaka ya 1970 Serikali iligawa nafasi za sekondari kwa mafungu ya mikoa na wilaya. Mtoto wa Bukoba aliweza kupata alama nzuri akakosa nafasi, huku mwenzake wa mkoa uliobaki nyuma akichaguliwa kwa alama za chini. Wazazi wengi walinung'unika, na Kagera na Kilimanjaro zikawa mbele katika kujenga sekondari za binafsi. Manung'uniko hayo yanaeleweka, lakini kanuni iliyokuwa chini ya mgawo huo ilikuwa sahihi: alama za watu wawili hazipimwi kwa haki mpaka hali zao nazo zipimwe.

Ni nani aliye darasani?

Tofauti zilizokuwa baina ya mikoa zimo pia ndani ya wilaya moja. Mtoto wa Bukoba mjini aghalabu huanza shule akiwa amekwisha kuzoea Kiswahili. Wengi wa vijijini wamelelewa kwa Kihaya, hivyo hujifunza kusoma na kujifunza lugha kwa wakati mmoja. Muleba ina visiwa ziwani, kama Bumbire na Goziba. Huko wavuvi huhama wakifuata samaki, na mtoto anayehamahama na wazazi wake hukatizwa masomo.

Liko na jeraha la UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watafiti walifuatilia watoto 718 wa mkoa huu ambao walikuwa na wazazi wote wawili katika uchunguzi wa 1991 hadi 1994, wakawahoji tena mwaka 2004. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amefiwa na mzazi kabla ya kutimiza miaka 15. Waliofiwa na mama walipungukiwa kwa wastani mwaka mmoja wa masomo na sentimita 2 za kimo. Pengo la namna hiyo haliwezi kuwekwa mlangoni kwa mwalimu wa hesabu peke yake.

Hesabu inayofichwa na asilimia

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule mbili zinaandikisha watoto 100 kila moja. Katika shule ya kwanza, 40 wanafika kwenye mtihani na 36 wanafaulu, yaani asilimia 90. Katika ya pili, 80 wanafika na 56 wanafaulu, yaani asilimia 70. Orodha itaisifu ya kwanza. Lakini shule ya pili imewafaulisha watoto 20 zaidi kutoka katika idadi ileile ya walioanza. Ile ya kwanza ilipoteza 60 kabla ya mtihani, na asilimia haiwataji.

Hatari hii si ya nadharia tu. Mwaka 2013 mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulianza kutangaza nafasi ya kila shule, kitaifa na kiwilaya. Utafiti wa matokeo ya 2011 hadi 2016 ulionyesha kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao ziliinua ufaulu. Lakini ulionyesha pia kwamba shule ziliwaengua baadhi ya wanafunzi katika darasa la mwisho. Aibu ya orodha ilimwangukia mtoto dhaifu. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilieleza kuwa limeacha kutangaza shule bora.

Kinyume chake pia ni kweli. Ada za shule za msingi zilifutwa chini ya mpango wa MMEM ulioanza 2002, na michango ya lazima ikaondolewa 2016. Watoto wa maskini wakaingia kwa wingi. Wastani wa shule ukishuka wakati huo, si lazima elimu iwe imeshuka. Huenda wale waliokuwa nje ya hesabu sasa wamehesabiwa.

Wajibu wa kada

Hatusemi kwamba umaskini uwe kisingizio cha mwalimu mtoro au kamati ya shule iliyolala. Tunasema kwamba lawama na sifa zitolewe baada ya maswali manne kujibiwa:

(a) Wangapi waliandikishwa mwaka darasa hili lilipoanza, na wangapi wamefanya mtihani?

(b) Waliotoka wamehama, wamefariki, wameolewa, wamekwenda kuvua, au waliambiwa wasije?

(c) Wasichana na wavulana, yatima na wenye walemavu, wamefikaje mwisho?

(d) Walimu na madawati ni wangapi kwa idadi hiyo?

Majibu yamo katika daftari la mahudhurio na kitabu cha uandikishaji, ambavyo kila shule inavyo. Kada anayekwenda kikaoni na asilimia peke yake atamtetea aliyefaulu, ambaye tayari ana watetezi. Aliyetoweka darasa la tano hana wa kumsemea mpaka jina lake lisomwe.