Kukanyaga Yai: Njia ya Kumrudisha Mtoto Kutoka Vitani

Kadogo ni neno la mapenzi. Wazazi humwita hivyo mtoto wao mdogo, naye huitika akijua kwamba anapendwa. Nchini Uganda neno hilo lilivishwa magwanda. Wapiganaji wa NRA, jeshi la Yoweri Museveni, walipoiteka Kampala mnamo Januari 1986, miongoni mwao walikuwamo watoto waliobeba bunduki, na watu wakawaita kadogo. Miaka kumi baadaye, jeshi la Laurent-Désiré Kabila lilipoanza safari ya kuelekea Kinshasa, watoto wa Kongo nao wakapewa jina hilohilo. Kwa kuwa Kiswahili ndicho kilichowapa jina, inafaa wasemaji wake tujiulize tunamwambia nini mtoto huyo anaporudi nyumbani. Mara nyingi tunasema ameharibika. Kauli hiyo si ya kweli, na inadhuru, kwa sababu inakamilisha kazi iliyoanzwa na wale waliomteka.

Kazi hiyo ilionekana wazi kaskazini mwa Uganda, ambako waasi wa LRA chini ya Joseph Kony walipigana na serikali tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 2000. Makadirio ya UNICEF yanataja zaidi ya watoto 20,000 waliotekwa. Usiku mmoja wa Oktoba 1996, wasichana 139 walichukuliwa kutoka shule ya St. Mary's, Aboke. Mtawa Rachele Fassera aliwafuata waasi porini akarudi na wasichana 109. Wengine 30 wakabaki. Ikafika wakati ambapo makumi ya maelfu ya watoto walitembea kila jioni kwenda kulala mijini, kama Gulu na Kitgum, wakijilaza barazani na katika viwanja vya makanisa, kisha alfajiri wakarudi vijijini. Makamanda walijua maana ya kumkunja samaki angali mbichi. Watoto wengi waliotekwa walilazimishwa kumpiga au kumuua mwenzao aliyejaribu kutoroka, na baadhi kumdhuru ndugu au jirani. Ukatili huo ulikuwa na hesabu yake. Mtoto aliyemwaga damu ya mtu wa kwao huamini kwamba kwao hapana tena, na anayeamini hivyo hahitaji kamba wala mlinzi. Kilichovunjwa kwa makusudi ilikuwa njia ya kurudi.

Je, waliorudi walikuwa kweli wameharibika? Watafiti Christopher Blattman na Jeannie Annan waliwachunguza vijana wa eneo hilo, waliotekwa na wasiotekwa. Hasara kubwa waliyoiona ilikuwa ya elimu na riziki: waliotekwa walipoteza karibu mwaka mzima wa masomo, nafasi yao ya kupata kazi ya ujuzi ilipungua kwa nusu, na kipato chao kikashuka kwa takriban theluthi moja. Maumivu makali ya akili yaliwaelemea wachache, hasa walioonja ukatili mkubwa zaidi. Tena, waliotekwa walielekea zaidi kupiga kura na kushika uongozi wa kijamii kuliko wenzao. Huko Sierra Leone, Theresa Betancourt na wenzake wamewafuatilia vijana waliopitia vita tangu mwaka 2002, na wameona kwamba waliopokewa na familia na jamii, wakabaki shuleni, walipata nafuu zaidi kuliko waliotengwa. Kumbe hatima ya mtoto haikuamuliwa porini peke yake. Sehemu yake iliamuliwa mlangoni pa nyumba yao.

Waacholi, watu wa kaskazini mwa Uganda, walilifahamu jambo hili kabla ya watafiti. Wana desturi ya kumpokea mtu aliyekaa mbali kwa muda mrefu: kabla ya kuingia nyumbani hukanyaga yai bichi, lililowekwa pamoja na tawi la mti wa opobo, ambao utelezi wake hutumika kusafishia, na layibi, kijiti cha kufungulia ghala la nafaka. Yai ni uhai usio na doa, tawi ni usafi, na kijiti humkumbusha kwamba chakula cha nyumba hii bado ni chake. Desturi hiyo haidai kwamba hakuna kilichotokea. Inatangaza mbele ya watu kwamba njia ambayo waasi waliivunja imefunguliwa.

Wapo watakaouliza: na waliouawa, je? Dominic Ongwen alitekwa na LRA akiwa mtoto, njiani kwenda shule, akakua hadi kuwa kamanda. Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61, yakiwamo mashambulizi kwenye kambi za raia na kuwaingiza watoto jeshini, ikamhukumu kifungo cha miaka 25. Majaji hawakukubali kwamba utoto wake ulimfutia hatia, ila waliuzingatia walipopima adhabu. Naona walitenda haki kwa pande zote mbili. Mtu mzima anayeamuru mauaji hujibu kwa amri zake. Lakini hukumu hiyo haimgusi mtoto wa miaka 12 aliyetoroka mara alipopata mwanya, na kumtupia kosa la kamanda ni kumwonea mtu ambaye naye ni mwathiriwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba desturi haimshibishi mtu. Hilo ni kweli, na wasichana ndio wanaolijua vyema. Wengi walirudi na watoto waliozaliwa porini, katika jamii ambamo mtoto hupata ukoo na ardhi kwa baba. Baba yake akiwa amekufa, hajulikani au anachukiwa, mtoto huyo hukua bila shamba la kurithi, huku akitukanwa kwa jina la Kony, ilhali hakuwahi kushika hata panga. Kwa hiyo, anayesema amempokea atazamwe anampa nini: nafasi darasani hata kama umri umempita, ufundi wa kumwingizia riziki, kipande cha ardhi chenye jina lake. Yai hukanyagwa mara moja, lakini karo hudaiwa kila muhula, na hapo ndipo mtoto hutambua kama kweli amefika kwao.