Saa ya Runingu Huko Kigoma

Mwezi wa Julai 2017, shule zetu zilipokwisha kufungwa, baba alitutuma Kigoma, sisi na mdogo wetu mwenye miaka kumi, tukamwone shangazi. Majirani wawili watatu walistaajabu tulipowaeleza habari za karatasi za kusafiria. Mtu aendaye Kigoma ataka karatasi za nini? Maana usultani wetu wa Wafuliiru nao una Kigoma yake huko milimani, na mtu huifikia kwa miguu. Ikatupasa kueleza kwamba tunakwenda Kigoma ya Tanzania, ng'ambo ya ziwa.

Shangazi huyo alivuka ziwa mwaka 1996, vita vilipoingia katika bonde la Ruzizi. Alikuwa kijana bado, ana mtoto mgongoni na sufuria moja mkononi. Alikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka ule ule, halafu akaolewa Ujiji. Tangu hapo hakurudi Runingu hata siku moja. Salamu zilikuja, na fedha kidogo zilikuja, bali yeye hakuja. Bibi yetu, mama yake, alikwisha kuzeeka, na macho yalikuwa yanamwishia. Maneno aliyotupa yalikuwa machache: "Mwambieni aje nimtazame, kabla sijabaki kumpapasa tu." Hayo ndiyo tuliyobeba, pamoja na kikapu cha maharagwe.

Tulipitia Uvira na Kavimvira, tukaingia Burundi kwa mlango wa Gatumba. Huko hatukupata taabu ya lugha, kwa kuwa Kirundi na Kifuliiru ni ndugu. Toka Bujumbura tuliandama pwani ya ziwa, Rumonge hata Nyanza-Lac, kisha gari likapanda milima mpaka Mugina. Tulipokwisha kuvuka mpaka na kutoka Manyovu, dereva akashika mkono wa kushoto wa njia. Mdogo wetu akapiga kelele, "Jamani, mtu huyu amelewa!" Gari zima likacheka. Kwetu na Burundi magari hushika mkono wa kuume. Tanzania hushika kushoto. Sisi wenyewe tulikuwa tunajua, hata hivyo tulishika kiti kwa nguvu.

Taabu ya pili ilitokea kesho yake. Mzee mmoja jirani alikuja kututazama, na mdogo wetu akamwamkia kama tunavyoamkia kwetu: "Jambo, baba!" Mzee akakaa kimya. Watoto wa shangazi wakainama kwa haya. Kumbe huko mtoto humwambia mkubwa "Shikamoo", naye hujibu "Marahaba". "Jambo" tupu kutoka kwa mtoto ni kama utovu wa adabu. Shangazi alimwomba radhi mzee yule, na mtoto akafundishwa. Akalishika somo kupita kiasi: jioni alimpa shikamoo mtoto wa miaka minne, naye mtoto akaitikia marahaba kwa fahari kubwa.

Maneno mengine tulijifunza sokoni. Samaki tuitaye mukeke, wao humwita mgebuka. Ndagala wetu ni dagaa wao. Samaki ni yule yule, ametoka katika maji yale yale, lakini tulisimama mbele ya meza ya mwuzaji kama watu wasiojua Kiswahili.

Jambo la saa ndilo lililotuaibisha zaidi. Tanzania imetutangulia saa moja kamili, kwa kuwa sisi wa mashariki ya Kongo twafuata saa moja na Burundi. Mdogo wetu alivaa saa aliyopewa na baba, akakataa katakata kuigeuza. "Baba ndiye aliyeitia majira," alisema. Dominika ya kwanza shangazi alitangulia kanisani na jirani zake, nasi tukaifuata saa hiyo. Tulifika tumevaa vizuri, vitabu mkononi, na watu walikuwa wanatoka. Shangazi alisimama mlangoni akatutazama, akacheka mpaka akafuta machozi. Lakini hakumwamuru mtoto aigeuze. Mara nyingi tangu siku ile tulimwona akimshika mkono na kuuliza, "Huko kwetu saa ngapi sasa?"

Hatukukaa bure. Tuliona kituo cha reli, na njia yake iendayo Dar es Salaam, yapata kilomita 1,250. Mdogo wetu hakuwa ameona garimoshi tangu kuzaliwa. Bandarini tuliiona Liemba, meli iliyoundwa na Wajerumani mwaka 1913, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 katika vita, ikaopolewa mwaka 1924 na kuanza tena kazi mwaka 1927. Huko Ujiji tulionyeshwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Mwaka ule ule wazungu hao wawili walipanda mtumbwi wakaja mpaka kwetu kaskazini, ili wajue kama mto Ruzizi waingia ziwani au watoka. Wakauona waingia. Mdogo wetu alichukizwa: safari yote hiyo kwa jambo ajualo kila mchunga mbuzi wa Runingu! Na kweli, hata Burton na Speke waliofika Uvira mwaka 1858 walikwisha kuambiwa hivyo na wenyeji.

Lakini maneno ya bibi bado tulikuwa nayo. Tuliyasema usiku wa kwanza, na shangazi aliondoka kwenda kutazama moto ambao haukuhitaji kutazamwa. Tuliyasema tena juma la pili, akajibu kwamba mahindi hayajavunwa. Watoto wake hawajui Kifuliiru hata neno. Aliogopa, nadhani, kwenda kwa mama yake na watoto wasioweza kumwitika. Jioni alikaa pwani. Kwetu Uvira jua hutoka ng'ambo ya ziwa. Huko Ujiji huzama ng'ambo, nyuma ya milima ya Kongo, na siku ya hewa safi milima hiyo huonekana. Hakuiongea habari yake.

Siku tatu kabla ya kuondoka tulimkuta mdogo wetu amekaa na binti mdogo wa shangazi, amfundisha kuamkia kwa Kifuliiru. Binti alikosea, akarudia, akakosea tena. Shangazi alikuwa ndani anapepeta mchele. Ungo ukanyamaza. Kisha tukasikia sauti yake kutoka gizani, inasahihisha neno lile kwa matamshi ya Runingu yenyewe, kana kwamba hakuondoka kamwe.

Alfajiri ya safari tulikuta mizigo miwili mlangoni. Mmoja ulikuwa wetu. Huko Manyovu, gari liliporudi mkono wa kuume, binti yule alipiga kelele kama mdogo wetu alivyopiga, na shangazi akaomba aonyeshwe saa.